Dramu ya Mzee Chilumba na Bei Yake

Wengi wenu, vijana wa bendi, mnanitumia picha kabla ya salamu. Simu inalia, nafungua, naona mzinga wa ngoma umelazwa juu ya kitanda, na chini yake maneno mawili: "Bei gani?" Shikamoo inakuja baadaye, kama mtu aliyekumbuka kuvua viatu akiwa ameshafika katikati ya mkeka. Marahaba, wanangu. Sikasiriki. Nimestaafu, macho yangu hayaoni tena meno ya skrubu, na ninyi ndio mnaonikumbusha kwamba kulikuwa na kazi niliyoijua. Lakini swali mnaloanza nalo ndilo la kumalizia. Nitawaeleza yanayolitangulia, kisha nitawaeleza kwa nini siku hizi nikiulizwa bei napenda kwanza kuuliza nani yupo karibu anasikia.

Kwanza tuelewane tunazungumzia nini. Dramu ya nyaya ni ile ngoma fupi ya bendi ya tarumbeta, ngozi juu, ngozi chini, na chini ya ngozi ya chini zimekazwa nyaya nyembamba. Ukipiga juu, nyaya zinatetemeka, na sauti inayotoka ni kama korosho kavu zilizomwagwa ghafla juu ya bati. Mizinga mingi ni ya mbao. Mimi nilizijua za madini. Zilifika huku kwetu na bendi za mashamba ya mkonge, za misheni, za shule na za askari, na bendi zilipokufa dramu zikabaki zimetapakaa kuanzia Kilwa mpaka Lindi, mashambani na mijini, kila moja mahali ambapo hukuitegemea.

Mimi ni mtu wa Rutamba. Nilikuja Lindi mjini nikiwa kijana, nikajifunza ufundi bati kwenye karakana moja pale Mtanda. Tulitengeneza vibatari, makopo ya kupimia mafuta, mifereji ya mvua. Mzee Chilumba aliingia siku moja, wakati huo bado hajawa mzee, akiwa na dramu iliyobonyea ubavuni.

"Wewe unaziba makarai?" aliniuliza.

"Naziba."

"Hili nalo ni karai, ila limesoma. Linyooshe."

Nikachukua nyundo. Kabla sijaiteremsha akanishika mkono. "Unaua nyoka?" Akaniambia nitafute kipande cha mpingo, nikichonge mviringo, nikiweke kwa ndani, kisha nisukume polepole kwa kiganja, siyo kwa nyundo. Ilinichukua mchana mzima. Yeye alikaa juu ya debe akinitania kabila langu bila kupumzika, maana yeye alikuwa Mmakonde na mimi Mmwera, na watani hawana likizo. Ilipokwisha akaigonga kwa ukucha, akasikiliza, akasema, "Sasa njoo jioni nikufundishe ulichokuwa umeshika." Ndiyo ilivyoanza. Alikuwa mpigaji wa bendi ya shamba la mkonge, na kila nilichokijua kuhusu dramu nilikijua kwake au kwa kubishana naye.

Haya, shikeni dramu yenu.

Jambo la kwanza ni kujua imetengenezwa kwa nini, na hapo macho yanadanganya. Tafuteni spika mbovu, ivunjeni, mtoe sumaku iliyo nyuma yake. Sumaku ikinasa kwenye mzinga, mzinga ni wa chuma. Isiponasa, ni shaba ya njano au ni alumini. Alumini utaijua kwa wepesi wake, unaweza kuinua kwa vidole viwili. Shaba ya njano inakaa mkononi kama mtoto aliyelala. Msishangae mkiona mzinga mweupe kabisa na bado ni wa shaba ya njano. Walikuwa wanaivika madini mengine kwa juu ili isipate kutu ya kijani, hasa kwa nchi za pwani kama hizi ambako chumvi haina adabu. Fungueni ngozi ya chini, mchungulie ndani karibu na matundu ya skrubu. Huko hakuna mtu aliyewahi kupasugua. Njano ikionekana pembeni mwa tundu, mmeshajua.

Jambo la pili ni vazi lenyewe. Mizinga ya zamani zaidi ilivikwa nikeli, na ya baadaye ikavikwa kromu. Vijana wengi wanaona zote ni nyeupe tu. Ziwekeni mlangoni asubuhi, siyo juani. Nikeli ina weupe wa joto, kama maziwa yaliyodondoshewa chai. Kromu weupe wake ni wa baridi, una ubuluu kama wembe mpya. Nikeli huchoka, hufifia, hubaki na ukungu. Ukungu huo msiuguse. Narudia, kwa sababu kila mwaka narudia: msiuguse.

Jambo la tatu ni pete, yaani ile duara inayobana ngozi. Zile za kale kabisa hazina skrubu, zina kamba na masikio ya ngozi ya kusogeza juu na chini. Zikafuata zenye pete nyembamba zilizobanwa kwa ndoano ndogo ndogo. Baadaye pete zikakunjwa kingo mara mbili, halafu mara tatu, na skrubu ikapita kwenye tundu la pete yenyewe bila ndoano. Mkiona pete iliyokunjwa mara tatu juu ya mzinga wa nikeli, msifurahi haraka. Pete ni kama kofia. Mtu hubadili kofia.

Hapo ndipo wengi wanapoliwa. Niliwahi kuitwa kijijini Njinjo nikaone dramu ambayo mwenyewe aliapa ni moja ya za kwanza kufika nchi hii. Nikakuta kuku amelalia mayai ndani yake. Nikaomba atolewe. Bibi mwenye nyumba, mwanamke mrefu mwenye kanga ya kufungia kiuno, akanitazama kuanzia miguuni.

"Umetoka Lindi kuja kumfukuza mzazi?"

"Nataka kuona ndani tu, mama."

"Na yeye yuko ndani. Rudi wakitotolewa."

Nikarudi wakishatotolewa. Mzinga ulikuwa wa chuma, wa siku za karibuni. Pete ya juu ilikuwa ya zamani kweli, ya ndoano. Ya chini ilikuwa ya dramu nyingine kabisa, na skrubu zilikuwa za aina mbili, zingine mtu alizilazimisha mpaka meno yakasagika. Nikamweleza yule bibi kwa upole kwamba ngoma yake ina baba watatu. Akafikiri, akasema, "Ndiyo maana haisikii." Tukacheka, akanipa mhogo wa kuchoma, nikarudi nyumbani bila kitu kingine, na hiyo ni moja ya safari nilizozifurahia.

Na kile kibati chenye jina kilichobandikwa ubavuni? Kinaweza kuwa cha duka lililouza, siyo cha mkono uliotengeneza. Kinang'oka, kinabandikwa kwingine. Jina la kuamini zaidi ni lile lililogongwa kwenye madini yenyewe, herufi zilizozama. Mara nyingi zimezama kidogo sana, unazisikia kwa kidole kabla ya kuziona. Paka unga wa muhogo kwa pamba, futa, unga utabaki kwenye herufi. Utasoma bila kukwaruza chochote.

Sasa tuje kwenye thamani. Dramu inathaminiwa kwa kukamilika kwake, kwa kuwa duara kweli (igeuzeni juu ya kioo cha dirisha muone kama inatikisika), kwa kutotobolewa matundu ya ziada, na kwa kubaki na ngozi yake ya nje ya asili, ule ukungu niliousema. Lakini juu ya yote hayo inathaminiwa kwa kuwepo mtu anayeitaka. Bila mtu huyo, ni karai lililosoma. Akiwepo, mambo yanabadilika, na siyo dramu peke yake inayobadilika.

Mzee Chilumba alikuwa na dramu moja. Shamba lilipofungwa, msimamizi aliwaambia wafanyakazi kila mtu achukue kitu stoo. Wenzake walichukua majembe, mabati, mapipa. Yeye alitoka na dramu. Mkewe, Mungu amrehemu, alikuwa akisimulia habari hiyo kwa wageni wote: "Wenzake wameezeka nyumba. Mimi nikinyeshewa napigiwa ngoma." Aliipiga kwenye harusi miaka yote, na mikono ilipoanza kumtetemeka akamfundisha bintiye wa mwisho, Zuhura. Watu walisema mwanamke hapigi dramu ya bendi. Zuhura alipiga. Akitangulia mbele ya bwana harusi, hata waliokuwa wamesema walikuwa wanasogea barazani kumwona.

Alipougua, mzee alisema mbele ya watoto wake wote watatu kwamba dramu ni ya Zuhura. Nilikuwepo nimekaa mkekani. Rajabu, mkubwa, mwenye duka pale Mtanda, alisema, "Sawa, baba." Athumani, wa kati, mkulima wa korosho kule kwetu Rutamba, alisema, "Sawa." Nani angesema vingine?

Baada ya arobaini wakakaa kugawana mirathi. Shehe wa mtaa alikuja kuwasimamia. Nyumba, duka, mikorosho, yote yalikwenda vizuri. Ilipofika dramu, shehe akawafafanulia, na ni kweli, kwamba mtu hawezi kumwusia mrithi wake kitu mpaka warithi wenzake waridhie.

"Lile bati?" Athumani akasema. "Achukue. Mimi nitalipeleka wapi?"

Rajabu naye akatikisa kichwa kukubali. Hapo pangetosha. Shehe alikuwa ameshafungua mdomo aendelee na jambo jingine. Lakini Zuhura alikuwa amesikia lile neno bati, na alikuwa amelisikia tangu utotoni.

"Si bati," alisema.

"Basi debe," Athumani akacheka. Hakuwa na ubaya. Ni mtu wa mzaha.

"Baba mdogo yupo," Zuhura akasema, akinionyesha mimi. Alikuwa ndiye aliyenialika siku ile. "Muulizeni. Waambie, baba mdogo. Wajue baba yao alikuwa ameshika nini."

Rajabu akageuka kwangu kwa heshima. "Fundi, tueleze. Tusije tukaitukana mali ya marehemu kwa kutojua."

Wanangu, mimi ni mtu wa kueleza. Mtu akiniuliza dramu, siwezi kujibu kwa neno moja, ninyi mnajua. Nikaiweka dramu juu ya mkeka nikaanza. Nikawaonyesha sumaku inavyoteleza. Nikafungua ngozi ya chini, Athumani akachungulia, akaona njano pembeni mwa matundu, akasema, "Kumbe." Nikawaonyesha weupe wa nikeli mlangoni. Nikawaonyesha ndoano za pete, zote zipo, hata moja haikubadilishwa. Nikapaka unga, herufi zikatokea, shehe mwenyewe akavaa miwani akasoma jina la mtengenezaji na la mji wake, ng'ambo, enzi za Mwingereza. Nikasema katika maisha yangu yote ya kazi nimeona nyingi za aina hii vipande vipande, lakini nzima namna hii ni hii moja. Zuhura alikuwa anatabasamu. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza kutabasamu tangu msiba. Alikuwa anawatazama kaka zake kama anayesema, mmeona?

Nao walikuwa wameona. Rajabu hakuwa anatazama dramu tena. Alikuwa anatazama mikono yangu.

"Na mtu akiitaka," aliuliza, "atatoa nini?"

Nikasema inategemea anayeitaka.

"Anayeitaka sana."

Nikasema soko la vitu hivi halipo hapa, liko mbali, halina uhakika. Nilikuwa nazunguka, na shehe aliona kwamba nazunguka. Akaniambia taratibu, "Fundi, hii ni mali ya maiti, na hawa ni warithi. Ukijua jambo, liseme."

Nikasema. Nikasema kwa mtu anayezitafuta, ikiwa katika hali ile ile ilivyo, inaweza kufika bei ya pikipiki mpya.

"Pikipiki?" Athumani akauliza. Hakucheka tena.

Kilichofuata hakikuchukua muda. Rajabu alisema, kwa sauti ya mtu mwenye haya kidogo, kwamba bati angemwachia dada yake kwa moyo mmoja, lakini kitu cha namna hii ni mali, na mali ina mafungu yake, na yeye hataki kuulizwa siku ya kiyama. Athumani akasema ana watoto sita. Shehe akasema ni haki yao, kuridhia hakulazimishwi. Zuhura alinigeukia, na mimi nikaanza kurudisha ngozi ya chini, skrubu moja baada ya nyingine, kwa sababu mikono ilihitaji kazi.

Mnaweza kuniuliza kwa nini sikudanganya. Ningedanganya mbele ya shehe, kuhusu mali ya rafiki yangu aliyelala kaburini? Nilisema kweli, ningeulizwa tena leo ningesema hivyo hivyo. Msidhani nawasimulia haya kwa kujuta. Nawasimulia kwa sababu nina hasira, na hasira yangu haijapata mtu wa kumwangukia. Kila aliyekaa kwenye mkeka ule alikuwa na haki yake mkononi.

Mtauliza pia kwa nini sikuinunua mwenyewe nikampa Zuhura. Nilijaribu. Nilimfuata Rajabu dukani kwake, nikamwambia nitauza cherehani ya marehemu mke wangu na vifaa vya karakana, nitamlipa taratibu.

"Fundi," alisema, "wewe ndiye uliyeipandisha bei, halafu wewe ndiye uinunue? Watu watasema ulijua la zaidi ukatuficha."

Nikaaga nikatoka, maana Mzee Chilumba mwenyewe ndiye aliyenifundisha kwamba anayepima hanunui. Rajabu alikuwa amesema maneno ya baba yake bila kujua.

Wakampata mnunuzi kutoka Dar es Salaam, kijana mstaarabu anayekusanya dramu za zamani. Walimtumia picha nilizokuwa nimepiga mimi siku ile ya mirathi. Akasema atakuja mwenyewe. Rajabu akaniomba nihudhurie. Nikamwambia nitakuja, ila dramu iachwe ilivyo, isiguswe. Akasema amesikia.

Mnazijua desturi zetu. Mgeni akija, nyumba haikai na uchafu. Sikukuu ikikaribia, kila sinia, kila birika, kila kitu cha shaba kinatolewa uani, kinasuguliwa kwa ukwaju na majivu mpaka mtu ajione uso. Mwanamke mwenye shaba isiyong'aa anasemwa. Mke wa Rajabu, Mama Faki, ni mwanamke msafi, hodari, na mgeni wake alikuwa anatoka Dar es Salaam. Hakuna aliyemwambia neno. Mumewe alisikia kwamba isiguswe, akadhani maana yake isipigwe.

Nilipofika, dramu ilikuwa mezani juu ya kitambaa cha kufuma, inawaka njano kama pete ya bibi harusi.

Mama Faki alinikaribisha akijisugua mabega. "Shikamoo, fundi. Imeniua hiyo. Ukwaju ulishindwa, nikachukua waya wa kusugulia masufuria. Tangu alfajiri. Kumbe chini ya ule weupe kulikuwa na dhahabu yote hii."

"Marahaba, mama," nilisema.

Mnunuzi aliingia, akasalimia kila mtu, akakaa, akaishika. Nilimwona akiigeuza kutafuta kitu kwa kidole gumba, pale pale nilipopaka unga. Akarudia mara ya pili.

"Palikuwa na maandishi hapa, mama," alisema.

"Yale? Yalikuwa kama madoa. Niliyakazania mpaka yakatoka."

Yule kijana alimwambia, "Umefanya kazi kubwa sana, mama," na alisema kwa dhati, nampa sifa kwa hilo. Akanywa juisi yake yote ya ukwaju. Kisha akamwomba Rajabu watoke nje kidogo. Walichozungumza nilikisoma mgongoni mwa Rajabu kupitia dirishani. Alimpa bei ya kumfariji, siyo ya kununua, na Rajabu akaona ametukanwa, akakataa. Gari likaondoka. Mama Faki aliuliza, "Vipi, hakuipenda?" Mpaka leo sijui kama kuna mtu aliyewahi kumweleza, na mimi sitakuwa wa kwanza. Kama mnamjua, nanyi nyamazeni.

Nilidhani sasa yamekwisha. Nilidhani ikisharudi kuwa bati, itarudi kwa Zuhura. Yeye naye alidhani hivyo. Alikwenda kwa kaka yake akamwambia, kwa unyenyekevu, "Sasa haina thamani. Nipeni."

Rajabu alimjibu, na Zuhura alinisimulia maneno yake bila kuyaongezea: "Ilishaingia kwenye mirathi, mdogo wangu. Nikikupa leo, Athumani atasema nimekupendelea. Acha iuzwe kwa vyovyote, kila mtu apate fungu lake, tumalize."

Athumani, nilipomuuliza, alisema angekubali ila alidhani Rajabu hataki. Sijui. Wakati mwingine watu wawili wanaogopana mpaka kitu cha tatu kinavunjika.

Wanunuzi wa vyuma chakavu hupita Mtanda na mikokoteni yao wakigonga bati. Nilikuwa natoka msikitini adhuhuri nikauona mkokoteni umesimama kwa Rajabu. Sikukimbia, umri haukuruhusu, lakini nilitembea kwa kadiri ya nguvu zangu. Nilikuta mzani umeshaning'inizwa. Yule jamaa alikuwa anatenganisha, chuma huku, shaba kule, ndoano, skrubu, pete. Mzinga ukabaki peke yake. Ukiwa mzima ungechukua nafasi kubwa kwenye gunia. Akauweka chini, akapanda juu yake kwa buti, mara moja ubavu huu, mara moja ubavu ule, ukalala bapa kama samaki aliyepasuliwa.

Zuhura alikuwa amesimama mlangoni. Alimuuliza yule jamaa, "Na zile nyaya?"

"Zile hazina bei, dada. Nyembamba mno."

"Nipe basi."

Akampa. Fungu lake la binti nalo alipelekewa jioni na mtoto wa kaka yake. Alilitoa sadaka msikitini kwa jina la baba yake, hakuligusa.

Alikuja kwangu kesho yake. Nyaya alikuwa amezifunga kwenye leso safi. Akazitandaza juu ya meza yangu ya kazi, akazinyoosha kwa vidole kama anayechana nywele za mtoto.

"Baba mdogo," alisema, "nieleze kama ulivyotueleza siku ile. Hizi ni za lini?"

Nilizitazama muda mrefu kuliko zilivyohitaji. Nyaya ndicho kitu kinachokufa upesi kuliko vyote kwenye dramu. Hutetemeka kila pigo, hukatika, hushika kutu. Hakuna dramu ya kale yenye nyaya zake. Zile za asili zilikwisha kabla Zuhura hajazaliwa, na baada yake zikaja zingine, na zingine. Hizi mzee hakuwahi kuzipiga. Alikuwa ameshalala kitandani. Nilizinunua mimi, mpya, nikazifunga mimi, wiki ile alipoanza kuumwa, ili akiamka aikute iko tayari.

Ninyi ndio ninaowafundisha kusema mnalolijua. Nikamwambia.

Akazikunja tena, akafikiri, kisha akazisukuma kuelekea upande wangu wa meza.

"Basi ni zako," alisema.

Zuhura hapigi tena. Anauza vitenge na nguo za watoto pale pale Mtanda, ukipita atakusalimia vizuri. Bendi zenu zikipita na harusi huingia ndani, nadhani kwa sababu ya vumbi. Nyaya nilikaa nazo kwa miezi kadhaa, kisha nikazifunga kwenye dramu ya shule moja iliyoletwa kwangu, dramu mpya ya bati jembamba. Hazikuwa na kosa lolote, na chumvi ya hapa ingezila bure.